Marejeo ni Ngamiani

Mimi Mnyaturu wa Singida. Bahari niliiona mara ya kwanza nilipokwenda Tanga kuposa. Baba mkwe, nahodha, alipostaafu akaandaa dua ya shukrani, nami kwa kiherehere changu nikajitolea fulana 40 za familia.

"Maneno ya mgongoni nitakupa mimi," akasema. Akanitumia kwa sauti, upepo wa barazani ukivuma humo humo: *Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.*

Nilisikiliza mara sita. Tezi niijuayo ni ile ambayo wanaume wa umri wake huambiwa wakapime. Omo, kwetu, ni ya kufulia. Nikasema haya ni ya wazee, yaache yalivyo. Lakini ngamani? Hapo nikaona mzee kateleza ulimi, maana nyumba yake iko Ngamiani, katikati ya zile barabara za namba ambako nimeshapotea mara mbili. Nikamsahihishia bila hata kumuuliza.

Siku ya dua nikafungua furushi. Baba akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa pindo la kikoi, akasoma tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "tezi ni nyuma ya chombo. Omo ni mbele. Ngama ni kule chini, maji yanakojikusanya. Baharia azurure weee, mwisho atashuka ngamani kufua maji. Sasa hii Ngamiani yako ipo kwenye jahazi gani?"

Kumbe kufua kulikuwamo, ila si kwa sabuni. Mke wangu alikuwa amejifunika ushungi usoni, mabega yanamtetemeka.

Walioniokoa ni mashemeji. Wamezaliwa pale pale, wakaona mtaa wao umesifiwa. Fulana ziliisha kabla pilau haijapakuliwa, na vijana wa barazani wakaagiza nyingine 30, pesa mkononi. Nikajaribu kumweleza baba kwamba hata "arusi" watu waliibandika h, na leo kamusi inazo zote mbili. Hakunijibu.

Juzi, kwenye harusi ya shemeji (kwa h), baba akasimama kutoa nasaha. Akakohoa, akaanza: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Babu, ni Ngamiani!" mjukuu wake akamsahihisha kutoka nyuma.

Ukumbi ukapiga makofi. Baba akanitafuta kwa macho, meza hadi meza. Mimi nilikuwa nimeinamia sahani, natafuta kiazi.