Siku ya Afrika haikuanza na ngoma
Eti Siku ya Afrika, Mei 25, iliwekwa mwaka 1963 ili Waafrika waonyeshane mavazi, vyakula na ngoma zao. Hapana. Chimbuko lake ni Accra, Aprili 15, 1958, Kwame Nkrumah, kiongozi wa Ghana, alipokutanisha nchi 8 tu zilizokuwa huru, na siku ile ikaitwa ya uhuru wa Afrika. Addis Ababa ilikuja baadaye, 1963: nchi 32 zikaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) na tarehe ikahamia Mei 25. Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza! Mkutano huohuo ndio ulioanzisha Kamati ya Ukombozi ya kuwasaidia waliokuwa bado wanapigania uhuru, makao yake yakawa Dar es Salaam. Ndiyo maana Kongwa, mkoani Dodoma, palikuwa na kambi za wapigania uhuru, na Mazimbu pale Morogoro kuna makaburi ya wana ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, hadi leo. Vitenge navipenda, msinielewe vibaya, lakini maonyesho ya mitindo yanayokwisha bila hata kutaja Kongwa yananikera. Huko mliko, watoto wenu shuleni wanaambiwa nini kuhusu Mei 25, au ni siku ya kuvaa kitenge tu?