Ajali zimepungua, au tumeacha kuziandika?

Kila mwaka ukianza, makamanda wa polisi wa mikoa huita waandishi wa habari na kusoma taarifa ya mwaka uliopita. Sentensi inayosubiriwa ni ile ya ajali za barabarani, na mara nyingi huja vilevile: zimepungua ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka jana. Mimi ni mkazi wa Mbeya, jiji ambalo barabara kuu ya kwenda Zambia imelipasua katikati kutoka Uyole hadi Mbalizi. Kila nikiisikia sentensi hiyo najiuliza wanazungumzia barabara ipi.

Nianze na namba za nchi nzima, kwa sababu za mikoa zinakusanywa kwa utaratibu huohuo. Mwaka 2014 polisi waliandika ajali 14,360 na vifo 3,760. Mwaka 2016 ziliandikwa ajali 9,856, vifo 3,256 na majeruhi 8,958. Sasa ruka hadi 2024. Katika salamu za kuuaga mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja ajali 1,735, vifo 1,715 na majeruhi 2,719.

Zisome tena, safari hii taratibu. Ajali zimeshuka hadi chini ya moja ya nane ya zile za 2014. Vifo vimeshuka hadi chini ya nusu. Mwaka 2014, katika kila ajali nne hivi, alikufa mtu mmoja. Mwaka 2024 karibu kila ajali ina marehemu wake. Ukizikubali namba hizi kama zilivyo, inabidi uamini kwamba magari yetu siku hizi hayagongani ovyo, ila yakigongana tu, lazima pachimbwe kaburi. Hakuna nchi yenye barabara za namna hiyo. Popote duniani ajali za kukwaruzana na kuvunjana miguu huwa nyingi kuliko za kuua, na majeruhi huwazidi marehemu kwa mbali. Ingia wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa, uhesabu miguu iliyoning'inizwa, halafu uniambie kama majeruhi 2,719 kwa mwaka wanatosha kwa nchi ambayo sensa ya 2022 ilikuta ina watu 61,741,120.

Naona maelezo ni mepesi: kinachofika kwenye taarifa sasa ni ajali iliyoua au iliyotikisa. Nyingine zinabaki nje ya daftari. Wala sidhani kuna mtu amekaa ofisini anafuta kumbukumbu. Haihitaji njama.

Fikiria bodaboda anayeteremka kutoka Mafiati amepakia mshikaki, abiria wawili au zaidi kwa mara moja, akamgonga mama anayevuka na beseni la ndizi. Watu wanajaa, wanapiga kelele, wanamtisha kijana. Mama anapakiwa kwenye bajaji anakimbizwa hospitali. Jioni wazee wa pande mbili wanakaa, kijana anatoa hela ya matibabu, wanamalizana. Ikiwa kuna PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imechukuliwa ili mgonjwa apokelewe bila maswali. Haikuchukuliwa ili trafiki aende kupima barabara. Yule mama akifariki wiki ya tatu akiwa nyumbani kwa mwanawe, msibani watasema aliugua baada ya ajali, na kwenye takwimu za mwaka hayupo kabisa. Kimataifa kifo cha ndani ya siku 30 baada ya ajali huhesabiwa kuwa kifo cha ajali, lakini ili kukihesabu lazima kuwe na mtu anayemfuatilia majeruhi kutoka barabarani, wodini, hadi nyumbani. Kwa magari madogo ndiyo kabisa: taa imevunjika, bampa limebonyea, wenye magari wanatazama saa, mmoja anatuma hela kwa simu, safari inaendelea. Bima ya wengi ni ile ndogo ya mtu wa tatu, kwa hiyo wengi hawaoni sababu ya kutafuta ripoti ya polisi.

Shirika la Afya Duniani lilishalisema hili kwa namba. Kwa mwaka uleule wa 2016 ambao sisi tuliandika vifo 3,256, makadirio yake kwa Tanzania yalikuwa 16,252. Makadirio ni makadirio, unaweza kuyabishia, hata ukayakata nusu. Bado utabaki na maelfu ya watu waliozikwa bila kuingia kwenye hesabu. Kenya nako shirika hilo lilikadiria 13,463 dhidi ya 2,965 walioandikwa, kwa hiyo jirani asitucheke. Ila Kenya ya sasa inanipa swali moja: mamlaka yao ya usalama barabarani, NTSA, ilitangaza vifo 4,748 kwa mwaka 2024. Kenya ina watu wachache kuliko sisi. Je, dereva wa Kitanzania ni mwangalifu karibu mara tatu ya Mkenya? Nimepanda Coaster za kwenda Tunduma. Naomba nisijibu.

Kuna atakayesema, sawa, namba hazijatimia, lakini kinachojulikana si kinatosha? Hapa ndipo Mbeya inapotufundisha kitu, kwa sababu ajali zetu kubwa zote zinajulikana. Hakuna anayeweza kuzificha.

Julai 1, 2018 lori lililokosa breki liliparamia magari ya abiria mkoani hapa, watu 20 wakafa. Siku iliyofuata, akimwapisha Kangi Lugola kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani badala ya Mwigulu Nchemba, Rais John Magufuli alizitaja ajali za Mbeya. Waziri akabadilika, mteremko ukabaki ulivyo. Agosti 2022 ikawa Inyala, upande wa kutokea Dar es Salaam: malori na Coaster, watu 19. Juni 5, 2024 ikawa Simike, ndani ya jiji lenyewe, lori tena, breki tena, watu 13. Juni 7, 2025 ikawa mlima Iwambi, ukielekea Mbalizi, lori na gari la abiria, watu 28.

Ukiziweka pamoja unaona ni ajali moja inayojirudia kwa majina tofauti: gari zito, mteremko mrefu, breki zimekwisha, na chini kuna abiria. Anayeijua barabara hii atakuambia inavyotokea. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye mzigo lifike tani 56. Tani hizo zikianza kuteremka, kinachotakiwa kuzizuia ni injini, kwa gia nzito, taratibu, kama lilivyopanda. Dereva anayewahi, au anayebania mafuta, anaweka nyutro na kuliachia lori, kisha analizuia kwa mguu. Breki zinapata moto, zinanuka, halafu zinaacha kushika. Akifika hapo hana la kufanya isipokuwa kuchagua atakachogonga. Na huenda lori lenyewe lilitoka gereji na breki za tela zimezibwa zisifanye kazi, kwa sababu kipuri ni ghali na mwenye mali anataka gari likapakie shaba kesho.

Ndiyo maana takwimu nyingine katika salamu zile za Rais inanikera kidogo. Ilisemwa kwamba asilimia 73.7 ya ajali za mwaka 2024 zilisababishwa na makosa ya kibinadamu: uzembe, uendeshaji wa hatari, ulevi. Sibishi kwamba madereva wanakosea. Lakini tukishaandika "makosa ya kibinadamu", tunamtazama aliyeshika usukani, na yeye mara nyingi amekufa. Aliyeziba breki za tela naye si binadamu? Aliyepanga ratiba ambayo dereva hawezi kuitimiza bila kulala usukanini? Aliyepitisha barabara ya malori ya nchi nne kwenye soko, shule na stendi, akaridhika na vibao?

Vibao navyo vina hadithi yake. Dereva wa barabara kuu anakijua kila kibao cha 50 kati ya Igawa na Tunduma, si kwa sababu ya watoto wanaovuka, ila kwa sababu ya tochi, kile kipima kasi cha trafiki. Akilipita eneo la trafiki anamwashia taa anayekuja, naye anashukuru kwa taa. Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa lori lililobeba mzigo wa mamilioni hiyo ni hela ya chakula njiani, na bodaboda, ambaye faini yake ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021, bado anaisikia. Mwenye kasi ya kuua anaumizwa kidogo, asiye na kofia ngumu anaumizwa zaidi, na mwisho wa mwaka zote zinajumlishwa kuwa "makosa yaliyokamatwa". Kuhusu magari ya IT, yale yanayopita hapa hayana namba za Tanzania yakikimbizwa kuvuka mpaka, sitaandika mengi. Aliyewahi kusimama eneo la Nane Nane hapa jijini akisubiri kuvuka anayajua.

Niliziita ajali zile nne kubwa. Jumla ya waliokufa ni 80, katika miaka saba. Kila moja ilipata salamu za rambirambi kutoka Ikulu, majeneza yakapangwa uwanjani, viongozi wakapanda ndege kuja. Ninachoamini, na siwezi kukithibitisha kwa sababu hakuna anayeandika, ni kwamba Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Uyole zimeua wengi zaidi katika miaka hiyohiyo, mmojammoja, usiku, kwenye giza la taa zisizowaka. Hao hawakai kwenye orodha ya mtu. Na kwa kuwa hawako, hakuna mhandisi anayeweza kwenda kwa bosi wake na kusema: hapa, mita hizi 200, kati ya saa 12 na saa 3 usiku, ndipo watu wanapogongwa.

Jambo hili lina haraka kwa Mbeya kuliko miji mingine, kwa sababu barabara yetu inapanuliwa. Kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi zinajengwa njia nne. Nimeisubiri barabara hiyo kama kila mtu. Foleni ya malori imetutesa vya kutosha. Lakini lami pana inaongeza kasi, na mtu anayevuka njia nne anakaa barabarani mara mbili ya muda aliokaa kwenye njia mbili. Waulize wanaovuka Morogoro Road kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane. Madaraja ya watembea kwa miguu yawekwe wapi? Matuta na taa vikae wapi? Maswali hayo hujibiwa na ramani ya majeruhi, na ramani hiyo haipatikani kwenye karatasi inayosomwa Januari. Ipo hospitalini, kwenye daftari la mapokezi, imeandikwa "RTA", yaani ajali ya barabarani, na umri wa mgonjwa, bila mahali alipogongwa. Kuongeza safu moja kwenye daftari hilo, ya mahali na aina ya chombo, kisha kulilinganisha na la polisi kila mwezi, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwenye miteremko sihitaji takwimu zaidi. Iwambi na Inyala zinahitaji vituo vya lazima ambapo lori linasimama juu, breki zinapozwa na kukaguliwa, na linaruhusiwa kushuka likiwa kwenye gia nzito. Zinahitaji pia njia za dharura za kokoto nzito pembeni, ambapo lori lililokata breki linaweza kuzama badala ya kuendelea hadi chini walipo watu.

Na kuna reli. TAZARA inapita Iyunga, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kubeba tani milioni 5 kwa mwaka na haijawahi hata kukaribia. Shaba inayopaswa kulala kwenye mabehewa inapita mbele ya soko la Mwanjelwa kwenye matairi. Sijawahi kusikia taarifa ya usalama barabarani ya mkoa ikiitaja TAZARA, wakati kila behewa linalojaa ni malori yasiyoteremka Iwambi.

Kwa hiyo kamanda wetu atakaposoma tena kwamba ajali zimepungua, ningeomba mwandishi mmoja, mmoja tu, anyanyue mkono kabla ya picha ya pamoja. Amuulize majeruhi walikuwa wangapi, waligongwa kata zipi, na kama hesabu hiyo imewahi kukaa meza moja na daftari la hospitali. Asipojibiwa, aandike hivyohivyo kwamba hakujibiwa. Nayo ni habari.