Mpira ukiziba, msimlaumu mama

Mtoto mwenye kichwa kikubwa akishawekewa mpira wa kutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, familia nyingi huku Nyanda za Juu Kusini huona kazi imekwisha. Baada ya miezi michache mtoto anarudishwa wodini, na swali la kwanza analoulizwa mama ni "Ulimfanyaje?" Leo anaulizwa na mama mkwe, kesho na nesi. Mimi naona ni kumwonea.

Mpira huo huziba. Hata Marekani, penye kila kifaa, huharibika ndani ya mwaka wa kwanza kwa watoto kati ya 30 na 40 katika kila 100. Walio hatarini zaidi wanajulikana mapema: njiti, aliyepasuliwa akiwa mchanga sana, aliyewahi kupata maambukizi kichwani, na ambaye mpira wake umeshabadilishwa. Kila upasuaji wa marudio humweka karibu na mwingine. Katika hayo yote, mama amefanya lipi?

Linalomhusu ni kidonda cha upasuaji, na hapo nina neno juu ya kofia. Makete mwezi wa saba, nani atamwacha mtoto kichwa wazi? Kofia ya sufu haivuliwi usiku wala mchana. Chini yake kidonda kinavuja maji maangavu, kofia inalowa upande mmoja, bibi anasema ni jasho. Kumbe maji yakipata pa kutokea, vijidudu vya ngozi navyo vimepata pa kuingilia hadi kwenye mpira, na maambukizi mengi hujitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Avalishwe kofia, sawa, ila ivuliwe kila siku kidonda kitazamwe penye mwanga.

Utosi ukivimba, macho yakielekea chini, mtoto akitapika, akilala kupita kawaida, akipata homa au degedege, au ngozi ikiwa nyekundu kufuata mpira shingoni, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Lakini homa itaitwa malaria (malaria gani hiyo, kwenye baridi ya Makete?), degedege itapelekwa kwa mganga, na nauli ya Mbeya itachangishwa wiki nzima.

Ningekuwa na amri, karatasi ya kuruhusiwa ingeandika dalili hizo kwa Kiswahili, na namba ya simu ya wodi chini yake. Na kliniki ya kijijini, nesi akishampima mtoto uzito, amvue kofia, amzungushie utepe kichwani na kuandika sentimita kwenye kadi. Hata utepe wa fundi cherehani unatosha.