Unafiki wa Uingereza Usiwe Kinga ya Watawala Wetu

Huku Uingereza mawaziri hawachoki kuzikemea nchi za mbali kuhusu haki za binadamu. Sisi Wakenya tunaoishi hapa tunasikiliza, lakini tunakumbuka. Katika vita vya Mau Mau waliuawa walowezi 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walizidi 1,000, na makumi ya maelfu walitiwa kambini, wengine wakapigwa hadi kulemaa, wengine wakahasiwa. Mafaili ya unyama huo yalifichwa Hanslope Park, ghala la siri la serikali ya Uingereza, yakajitokeza 2011, wazee wetu walipokuwa wameshashtaki London. Serikali ilijitetea mahakamani kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani aliyeteswa ajilipe mwenyewe! Ni mwaka 2013 tu ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na hata hapo ilisema inasikitika bila kukubali dhima.

Kwa hiyo ndugu yangu wa nyumbani akisema wazungu ni wanafiki, simbishii. Ninachokataa ni watawala wetu kujificha nyuma ya unafiki huo. Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003. Miaka 40 bendera yetu ikipepea, waliopigania uhuru walibaki kundi haramu kisheria, na wakati huo Ikulu alikaa Mwafrika, si gavana.

Juni 25, 2024 vijana waliokuwa wakiandamana Nairobi walipigwa risasi kwenye Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Mwezi uliofuata Rais Ruto akailaumu Ford Foundation, shirika la misaada la Marekani, kana kwamba kijana wa Kenya hawezi kukasirika mpaka alipwe na mgeni. Kisha Oktoba, Kenya ikachaguliwa kuingia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Waliopiga kura walikuwa wameona picha zilezile tulizoziona sisi. Wakubwa hawa wanaelewana kuliko wanavyotuonyesha.

Vyombo vya habari? Watu wa huku nao hawaviamini, na wana haki. Gazeti la News of the World lilifungwa 2011 baada ya kubainika lilidukua hata simu ya msichana aliyeuawa. Lakini kashfa ile ilizaa uchunguzi wa hadharani chini ya jaji, na mawaziri wakuu waliketi wakahojiwa. Kwetu, Januari 2018 serikali ilizima NTV, KTN na Citizen; Mahakama Kuu ikaamuru vifunguliwe, serikali ikapuuza kwa siku kadhaa. Juni 25, 2025 vituo vikaamriwa tena viache kurusha maandamano moja kwa moja.

Uchunguzi kama ule wa huku ndio ninaoutamani kwa ajili ya kwetu. Sitamani wema wa viongozi wa huku, maana sijauona. Natamani amri ya jaji iwe na meno, mkubwa aitwe na aje. Wazee wa Mau Mau walisubiri zaidi ya miaka 50, na wengi walikufa kabla ya kulipwa. Wazazi wa vijana wa 2024 wanastahili kumwona aliyefyatua risasi, na aliyemtuma, wakiwa kizimbani Nairobi, wazazi hao wakiwa bado hai.