Mwanga kwenye goti jipya

Aliyewekewa goti bandia hupata taabu zaidi baada ya ganzi kuisha, anapoambiwa alikunje goti lililovimba. Akikwepa mazoezi kwa maumivu, goti linakakamaa. Akizidisha dawa kali za maumivu kama tramadoli au mofini, kichefuchefu, choo kigumu na hatari ya uraibu vinamsubiri. Hapo ndipo anapopendekezewa tiba ya mwanga: leza hafifu au taa za LED, nyekundu au infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), zinazomulikwa kwenye kiungo.

Wanaoitetea wana hoja. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliwamulika panya kwa leza, manyoya waliyonyolewa yakaota upesi. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mwanga hufyonzwa na kimeng'enya ndani ya mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, seli ikapata nguvu na uvimbe ukatulia. Miongozo ya kimataifa inaipendekeza kuzuia vidonda vya mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani. Kuhusu magoti, mapitio ya mwaka 2019 ya majaribio 22 yaliona maumivu yakipungua, hasa kipimo cha nishati kilipofuata viwango vilivyopendekezwa.

Ila majaribio hayo yalihusu magoti yanayosagika. Goti lililopasuliwa lina kidonda kibichi, damu iliyovilia na chuma ndani. Majaribio ya waliobadilishiwa goti ni machache na madogo, na vipimo vyake vya mwanga havifanani. Isitoshe, mwanga ukipungua mno haufanyi kitu, ukizidi faida yake inapotea. Kwa hiyo kusema tu "nilipigwa leza" hakuelezi lolote, sawa na kusema "nilimeza kidonge".

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Melanini hufyonza mwanga juu juu kabla haujafika ndani, na huufyonza mwanga mwekundu zaidi kuliko wa infraredi. Kipimo kilichopangwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kuifikisha nishati pungufu kiungoni na kuacha joto zaidi kwenye ngozi.

Wauzaji hupenda kutaja kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani. Kwa vifaa vingi vya aina hii, kibali hicho maana yake ni kwamba kifaa kinalingana na kingine kilichokwisha kuruhusiwa sokoni. Si ushahidi wa aina inayodaiwa kwa dawa mpya.

Mimi ningekubali kumulikwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayeweza kunitajia nanomita (urefu wa wimbi la mwanga) na jouli (kiasi cha nishati) za mashine yake, huku panadol, barafu na mazoezi vikiendelea. Mkanda wa taa wa kununua mtandaoni nisingeutolea pesa.