Fundi Yupo?

Jamani naomba niulize, na anayejua anijibu. Mwanaume akikaa barazani kwake, na pembeni pana pikipiki iliyofumuliwa injini, ni sheria gani inayosema lazima awe anaitengeneza yeye?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona suruali, nashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona mashela. Baraza letu liko kando ya barabara hapa Morogoro. Upande mmoja nimekaa mimi na cherehani yangu, upande wa pili amekaa mama watoto na spana zake. Basi anakuja kijana wa bodaboda, jasho linamtoka, anasukuma Boxer iliyogoma. Anamkuta mke wangu kashika kabureta, oili imempanda mpaka kwenye viwiko, bisibisi kaichomeka kwenye kilemba. Mimi nina futi shingoni na pini mdomoni. Kijana anampita yule mwenye bisibisi, ananijia mimi mwenye futi.

"Shikamoo mzee. Fundi, hii mashine inamisi."

Mdomo una pini, nitamjibu nini? Namwonyesha kwa kidole: fundi yule pale. Anacheka. Anadhani mzee ana utani wake. Anaanza kunipa dalili: gia ya tatu inakohoa, ukipunguza moto inatulia, ukipandisha kilima cha Bigwa inakata pumzi. Natikisa kichwa kama daktari wa mkoa. Mwishowe mama watoto anasema, hata kichwa hainui, "Jeti imeziba. Iache hapo, uje saa kumi." Kijana ananigeukia mimi: "Eti fundi, ni kweli?"

Mimi! Mtu ambaye nikiambiwa plagi natazama ukutani.

Huyu mwanamke ugonjwa wake ni wa tangu utoto. Baba yake alikuwa bwana shamba miaka ya 1980, na serikali ilimpa Yamaha AG100, ile ya kazi, yenye karia mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote isile matope, na stendi kushoto na kulia ili uiegeshe hata kwenye matuta ya mahindi. Ni ya tustroki, inatoa moshi wa buluu. Wenzake wakicheza kombolela, yeye anamshikia baba yake tochi. Mpaka leo moshi ule ukipita barabarani anafumba macho na kuvuta pumzi. Mimi nilinunua manukato Dar es Salaam, ya bei, nikajipaka, nikapita mbele yake. Akaniuliza kama kuna mtu kapulizia dawa ya mbu.

Baadaye zile pikipiki zikachakaa, zikapigwa mnada, na moja akaipata yeye. Sisemi ilikuwa pikipiki. Ilikuwa tangi, fremu, na matumaini. Mimi nilitoa mahari kwa baba mkwe, yeye akatoa mahari kwa dalali.

Kuifufua ndipo nilipojua kwamba ndani ya nyumba hii hakuna chombo kilicho salama. Nilinunua jiko lenye oveni ili nile keki. Siku ya kwanza ya oveni, nafungua kwa hamu, nakuta nusu ya injini. Nafungua friza nitulize roho, nakuta beringi zimelala katikati ya perege. Kuuliza, naambiwa chuma kikipata joto kinatanuka na kikipata baridi kinasinyaa, kwa hiyo nyumba ya beringi inapashwa moto na beringi inagandishwa, halafu inazama yenyewe bila kupigwa nyundo. Na kweli ilizama, nilishuhudia kwa macho yangu. Lakini wale perege walikuwa na ladha ya grisi.

Kabureta nayo huchemshwa kwa maji ya ndimu ili ing'oke kutu na uchafu. Sina tatizo na hilo. Tatizo langu ni sufuria ipi, na je, mtu amewaambia wageni? Shangazi yangu katoka Kilosa kaja kututembelea, kasikia harufu ya ndimu, kafunua akitegemea supu. Hakusema neno. Alifunika taratibu, akaniita nje, akaniuliza kama duka la cherehani linalipa.

Twende kwenye spea. Silinda ya ile AG ilishachongwa mara mbili, kwa hiyo ringi zake si za kawaida, ni za saizi ya pili, 0.50. Haya nayajua kwa kuyasikia usingizini. Tumeingia dukani, mama watoto kaeleza vizuri kabisa, jina la pikipiki, saizi, hata upana wa ringi. Muuzaji kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kanigeukia: "Sawa mzee, kwa hiyo unataka za ngapi?"

Fundi cherehani ukimshtukiza na swali la ngapi, anajibu kwa mazoea. Nikasema thelathini na nne.

Na akaandika! Aliyetoa jibu sahihi hakuandikiwa, mimi niliyetaja kiuno cha suruali nikaandikiwa, tena akaenda stoo kutafuta.

Barabarani ndiko kuna mambo. Kwanza swali ambalo wanaume wenzangu hamjawahi kulipata: ukipakiwa na mkeo, mikono unaiweka wapi? Ukimshika kiuno, kijiwe kizima kinapiga miluzi. Ukishika karia ya nyuma, kila tuta la barabarani linakutenganisha na siti. Nimechagua karia. Heshima inauma mgongo, lakini ni heshima.

Trafiki alitusimamisha. Salamu kanipa mimi, leseni kaniomba mimi, abiria. Mama watoto katoa yake, daraja A, safi. Afande kaikagua mbele na nyuma, kaizunguka pikipiki, kisha kaniambia, "Mzee, mwambie mama taa ya nyuma haiwaki." Mama yuko hapo hapo, angenyoosha mkono angemgusa kofia. Nikageuka nikamwambia. Akasema, "Mwambie afande waya umechomoka, naunga sasa hivi." Nikageuka nikamwambia afande. Nilisimama pale juani nikitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili mpaka taa ikawaka, na afande akanishika mkono: "Hongera mzee, unaijulia."

Kuna safari ya Iringa ambayo sitaisahau. Barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na pale kuna bango la faini, ukigonga mnyama huyu unalipa kiasi hiki, yule kiasi kile. Mke wangu anatazama barabara, mimi nasoma lile bango la bei natafuta mume aliyedondoka analipiwa ngapi. Sikujiona. Nilipolalamika kwamba Iringa ni mbali kwa pikipiki, nikasomewa habari za Theresa Wallach na Florence Blenkiron, Waingereza, walioondoka London mwaka 1934 na pikipiki ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni na trela nyuma, wakakata jangwa la Sahara, wakafika Cape Town mwaka 1935. Nikauliza kama waume zao walikuwemo kwenye trela. Hakunijibu, akaongeza moto.

Maana nyumbani kwetu hatugombani sisi wawili tu. Kila nikifungua mdomo anakuja mtu kutoka Uingereza. Anayeletwa zaidi ni Beatrice Shilling. Huyo alinunua pikipiki akiwa na miaka 14, akasomea uhandisi, na mwaka 1934 akazunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa Norton, mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, akavishwa nyota ya dhahabu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, ndege za kivita za Uingereza, Spitfire na Hurricane, zilikuwa zinakata moto rubani akiinamisha pua ghafla, na mchawi alikuwa kabureta. Shilling akabuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu cha kuzuia mafuta yasifurike, na mwaka 1941 akazunguka na wenzake kwenye viwanja vya ndege wakizifunga. Hayo yote nimeelezwa usiku, kisa nimeuliza kwa nini kuna kabureta juu ya mto wangu.

Lakini anayenigusa mimi ni mchumba wake, George Naylor. Inasemekana Shilling alimwambia hakuna ndoa mpaka na yeye azunguke pale kwa mwendo huo huo, apate nyota yake. Wakaoana mwaka 1938. Mimi nilitozwa mbuzi na blanketi nikalia kwamba wakwe wakali! Nikamwambia mama watoto namwonea huruma sana yule bwana. Akasema, "Ningekudai hivyo wewe, mpaka leo ungekuwa mchumba."

Sawa. Haya yote nayavumilia. Lisilovumilika ni hili la siti.

Ile AG ilipopona ilikuwa haina siti, ilikuwa na godoro lililotafunwa na panya. Nikakata sponji mwenyewe, nikashona kava la rexini nyeusi, uzi mwekundu, mshono wa pacha, kona zimekaa kama koti la bwana harusi. Kazi ya mikono yangu, usiku kucha. Kesho yake pikipiki ikatolewa nje, kijiwe kizima kikaja kuitazama. Wakasikiliza mlio wa injini, wakanipa mkono mimi: "Mzee, wewe ni fundi!" Kisha wakaipapasa siti, wakamgeukia mke wangu.

"Na mama naye umejitahidi, umeshona vizuri."

Akasema asante, tena na oda ya siti tatu akaipokea.