Nani Alichora Maua ya Kanga za Mama?

Katika duka moja dogo mjini Leiden, Uholanzi, nimenunua skafu ya pamba iliyonifurahisha kwa muda mfupi na kuniudhi kwa muda mrefu. Imechapwa maua na majani ya Suriname, koloni la zamani la Waholanzi huko Amerika Kusini, yaliyofumana na maua ya vitambaa vya kale vya Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, na pamoja nayo huja karatasi inayomtaja mchoraji kwa jina lake, mji aliozaliwa mama yake, kijiji cha baba yake, mimea aliyoichora na mwaka alioichora. Karatasi ile isiyozidi kiganja inaeleza habari nyingi zaidi za skafu moja kuliko ninavyojua mimi habari za kanga zote zilizomo katika sanduku la mama yangu Unguja.

Kabla sijaambiwa kwamba nimekwenda Ulaya na kuanza kuwatukuza wenyeji wake, niseme wazi kwamba katika sanaa ya kuchanganya asili hakuna wa kutufundisha. Korosho iliyojikunja kwenye pindo ni umbo lililotufikia kutoka Uajemi na Kashmir kupitia vitambaa vya India, nasi tukaliona ni tunda la mti ambao Wareno waliutoa Brazil. Nanasi nalo ni mgeni kutoka huko huko Amerika. Karafuu, ambayo Mzanzibari huihesabu kuwa yake tangu dunia iumbwe, asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako kampuni ya Waholanzi hawa hawa katika karne ya 17 iliamuru mikarafuu ing'olewe katika visiwa isivyovitaka ili bei isishuke. Miche ilipotoroshwa na Wafaransa ndipo ikafika Mauritius mwaka 1770, na kutoka bahari ile ikaja kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Bibi yangu mmoja alikuwa Mngazija na mwingine Mshihiri, wote wawili wakivaa doti ile ile, na hakuna aliyeona haja ya kuandika karatasi kuhusu jambo hilo. Ninapowasikia wenzangu hapa wakizungumzia urithi mchanganyiko kana kwamba umevumbuliwa juzi, huwa nacheka.

Hata hivyo, kicheko hukoma ninapogeuza upande wa pili wa jambo. Kanga yetu ina kila jina isipokuwa la aliyeichora. Ina jina lake yenyewe, lile fumbo la chini ambalo jirani akilisoma hukasirika siku tatu. Ina mwenye mali: dukani kwa Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, ambako biashara ilianza mwaka 1887, maneno "Mali ya Abdulla" yamekuwa dhamana ya ubora kwa vizazi vingi, nami nayaheshimu. Katika miaka ya uchaguzi ina hata sura ya mgombea katikati ya mji wa kanga, mahali palipostahili ua. Lakini mkono ulioamua kwamba asumini ikae pembeni na majani yake yaelekee ndani, mkono huo hauna habari. Likizo iliyopita nilimwuliza muuza kanga mmoja wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, kama anamjua mchoraji wa doti niliyokuwa nimeishika. "Mchoraji wa nini, shangazi? Hizi zinatoka India. Wewe chagua jina."

Najua atatokea wa kuniambia kwamba kanga ni ya kuvaa, si ya kutundikwa ukutani, na kwamba inabeba mtoto, inafunika chungu, inasitiri maiti, kisha inaishia kuwa tambara la deki, na huo ndio utukufu wake. Nakubali kila neno, na kanga yangu ya kupikia hapa Leiden imetoboka kama yako. Ila nieleze basi ni kwa nini wale waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora ndege na miti kwenye mbao huko Dar es Salaam kwa kadiri ya mwaka 1968, husaini kazi zao pembeni bila mtu kuona ajabu. Mwaka huo huo wa 1968 kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China, na maua yaliyochapwa humo yalivaliwa na mama zetu miaka na miaka. Anayemchorea mtalii ana jina, na aliyewachorea mama zetu hana. Kama hiyo ni desturi, basi ni desturi ya kujidharau wenyewe.

Mwingine atasema kwamba Wazungu wana kumbukumbu kwa sababu walitunyang'anya. Hoja hiyo ina uzito wake, tena kuliko anavyodhani msemaji. Huko Helmond, kusini mwa Uholanzi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho leo kinaitwa Vlisco kimehifadhi vitabu vya sampuli vyenye kanga zilizochapwa kwa ajili ya Zanzibar tangu miaka ya 1880. Waliovihifadhi hawakusukumwa na mapenzi kwetu. Mfanyabiashara akitaka tena nakshi iliyouzika, kiwanda kilihitaji kujua ni ipi. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba ilitosha hesabu ya faida tu, na sisi tusiokosa hesabu za faida hatukuifanya.

Wala siwaachii Waholanzi uungwana wote. Mchoraji Maria Sibylla Merian alisafiri kutoka Amsterdam hadi Suriname mwaka 1699, na mwaka 1705 akachapisha michoro ya mimea na wadudu ambayo hadi leo watu huinamia vioo vya makumbusho kuitazama. Katika habari za kichaka kimoja cha maua mekundu na manjano, ambacho hupandwa pia katika bustani za pwani yetu, anaeleza kwamba wanawake watumwa walimwambia walitumia mbegu zake kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Jina la Merian tunalo. Majina ya wanawake wale hatunayo. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Waswahili peke yao, na karatasi ya skafu yangu ni dawa ambayo huku nako imechelewa.

Lakini kwetu wengi wa wachoraji wa viwandani bado wangeweza kuulizwa, au watoto wao wangeweza, na wala haihitajiki wizara kuunda kamati. Kwenye ukingo wa kanga, pale panapoandikwa mali ya nani kwa herufi ndogo, nafasi imebaki tele, na jina moja la ziada halitapandisha bei ya doti. Na ikiwa mwenye mali anahofia kwamba mchoraji akijulikana ataitwa na mshindani wake, hilo wakalimalize kwenye mshahara.